Ukishajua Lililo Tamu, Utampa Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), aliyetuoteshea matunda na akatupa ulimi wa kuyatambua. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Mhariri wa jarida letu aliniomba mawaidha kuhusu sadaka, nami nikamjibu kwamba nitaandika kuhusu maembe. Asidhani mtu kwamba nimekwepa. Nilisoma kilimo, na tangu nimalize masomo kazi yangu ni miti ya matunda: kuibebesha, kuilea, kuonja inachozaa na kuandika daftarini ni aina gani inafaa ardhi yetu ya bonde la Imbo. Kazi hiyo imenikutanisha na swali ambalo naona kila mwenye ulimi ataulizwa: ukishajua lililo tamu na lisilo tamu, utampa nani lipi?

Aya inayotaja ladha

Fungueni Suratur-Ra'd, aya ya 4. Allah anatutajia vipande vya ardhi vinavyopakana, mizabibu, nafaka na mitende, mingine ikitoka katika shina moja na mingine ikisimama peke yake. Anatueleza kwamba yote hiyo hunyweshwa maji ya namna moja, kisha Yeye huyafanya baadhi ya matunda yawe bora kuliko mengine katika kuliwa. Halafu anatuambia kuwa katika hayo zimo ishara kwa watu wanaotumia akili zao.

Tukizungumza juu ya ishara za Allah, mara nyingi tunatazama juu: jua, mwezi, nyota na mawingu. Aya hii inatuelekeza mdomoni mwetu. Utamu wa tunda hili na ukali wa tunda lile ni ushahidi, na akili inatakiwa ifanye kazi hata wakati wa kutafuna.

Nyumbani kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, upo mwembe mkubwa wa zamani. Maembe yake ni madogo, yana nyuzi nyingi zinazonasa kwenye meno, na yakiiva harufu yake huifikia barabara. Mwaka 2017 tulikata baadhi ya matawi yake. Machipukizi mapya yalipofikia unene wa penseli tukayabebesha vikonyo vya aina tatu: Kent, Tommy Atkins, na lile embe la Kenya linaloitwa Apple. Kikonyo ni kijitawi kifupi unachokikata kutoka kwenye mti wenye tunda unalolitaka. Unakichonga kama kabari, unapasua kichwa cha chipukizi, unakipachika ili gamba la huku ligusane na gamba la kule, kisha unafunga kwa ukanda wa plastiki. Kikishika, baada ya wiki chache kinatoa majani. Upande mmoja wa mti tuliuacha na matawi yake ya asili.

Basi sasa tunao mti mmoja wenye ladha nne. Mzizi ni mmoja, udongo ni mmoja, mvua ni ile ile. Chuoni nilifundishwa sababu yake: kikonyo hubeba urithi wa mti kilikotoka, kwa hiyo tawi la Kent huzaa Kent hata likikaa juu ya mwembe wa nyuzi. Lakini kujua jinsi jambo linavyofanyika hakumfuti Mfanyaji wake. Mimi huchonga kabari na kufunga plastiki. Sijawahi kutia utamu ndani ya embe hata moja.

Kuna wanaoniuliza: je, kubebesha miti si kuingilia uumbaji? Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende kwa mikono yao, akasema maneno ambayo wao waliyaelewa kuwa wangeweza kuacha. Wakaacha, mavuno yakapungua. Walipomweleza aliwafahamisha kwamba katika mambo kama hayo ya dunia yao wao ndio wenye ujuzi zaidi. Kwa hiyo jifunzeni kazi ya miti bila hofu, na jifunzeni vizuri.

Kuonja kwa uadilifu

Mavuno ya kwanza ya matawi mapya yalipofika, tuliamua kuonja kwa utaratibu. Embe lisiloiva sawasawa haliwezi kuhukumiwa, kwa hiyo tulichuma kila aina ikiwa imekomaa, mabega yakiwa yamejaa, tukayasubiri yote yalainike. Tuliyamenya yote, maana rangi ya ganda huhonga macho. Tukakata vipande vilivyolingana, tukaviweka katika sahani nne zenye namba tu bila majina, na kila mwonjaji akasukutua kwa maji kabla ya kuhamia sahani nyingine. Kipande cha kwanza kabisa tulimpa mtoto mdogo kuliko wote pale uani. Hiyo ni Sunna: Mtume (S.A.W.) alipoletewa tunda la kwanza la msimu aliiombea baraka Madina na matunda yake, kisha akamwita mtoto mdogo zaidi na kumpa tunda lile, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim.

Kabla ya kumenya, karibu kila mtu alikuwa amelinyooshea kidole Tommy Atkins. Ni jekundu, limenyooka, halina doa. Baada ya kuonja, wengi walichagua sahani ya Kent, ambalo ganda lake mara nyingi hubaki na ukijani hata likiiva. Watoto wawili walichagua Apple. Mama yangu alichagua la nyuzi. Alisema mengine ni sukari tupu, hili lina ukali kidogo unaoamsha ulimi. Tommy Atkins, sultani wa kapu, halikupata kura hata moja. Haina maana kwamba ni tunda bure. Linavumilia safari na hukaa siku nyingi bila kuoza, ndiyo sababu wafanyabiashara wa nchi za mbali wanalipenda. Kila aina ina kazi yake.

Nachota hapo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hukumu ya haki inataka ganda liondolewe na jina lifichwe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo na matendo. Sisi tunachagua viongozi wa jumuiya yetu, tunachagua marafiki, na karibuni mtachagua wenza wa maisha. Ni wangapi kati yetu bado wanachagua kwa ganda?

La pili ni adabu. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia aibu chakula. Akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Kuna tofauti kati ya kuonja ili ujue upande nini na kulaumu ulichopewa ule. Kwenye daftari langu naandika "lina nyuzi", "lina maji mengi", "linakaa siku kumi". Siandiki "baya". Nanyi mnaopanga foleni ya maharage ya bwalo kila mchana, na mnaoyasema maharage yale mbele ya mama anayeyapika, mmenielewa.

Wala msifikiri kwamba kutofautisha ubora ni anasa isiyo na nafasi katika dini. Bilal (R.A.) alimletea Mtume (S.A.W.) tende za barni, ambazo ni tende nzuri. Alipoulizwa amezipata wapi, akasema alikuwa na tende duni, akabadilisha pishi mbili zake kwa pishi moja ya hizo. Mtume (S.A.W.) hakumwambia kwamba tende zote ni sawa. Alimwambia kuwa kubadilishana namna ile ndiyo riba yenyewe, akamwelekeza auze zile duni, kisha anunue nzuri kwa thamani aliyopata. Ubora umekubaliwa, lakini umewekewa sheria. Ulimi una haki ya kujua, na mkono una mipaka yake.

Kapu la jirani

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwembe ule aliupanda babu yangu, kwa kokwa, kabla ya mwaka 1972. Mauaji ya mwaka ule yalipoanza, familia ilikimbia ikavuka kwenda Tanzania. Babu alifia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, bila kuuona tena mwembe wake. Baba alirudi mwaka 2008 akakuta nyumba ya watu wengine kwenye kiwanja chetu. Nao hawakuingia usiku kwa kuvunja mlango. Walipewa na wenye madaraka wa wakati huo, wakazaa hapo, wakazika hapo. Baada ya vikao vingi kiwanja kiligawanywa nusu kwa nusu. Mwembe ukaangukia upande wetu, hatua chache tu kutoka mpakani.

Miaka 36 familia ile ilikula maembe ya babu. Mnaweza kukisia ni maneno gani yalikuwa yakisemwa uani kwetu kila msimu. Baba aliyakata kwa hadithi. Alitukumbusha yaliyopokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) katika Sahihi Muslim: Muislamu anayepanda mti, kinacholiwa humo ni sadaka yake, kinachoibwa humo ni sadaka yake, na anachokula mnyama au ndege ni sadaka yake. Akasema: "Wanangu, mambo ya ardhi yana vikao vyake, na haki ya mtu haifutwi na tunda. Lakini hesabu ya maembe nimeifunga. Yale yaliyoliwa, babu yenu ameandikiwa."

Siku ile ya kuonja, baba alisema jirani naye apelekewe kapu. Mdogo wangu akakaa kupanga. Kent na Apple aliyaweka kando kwa ajili ya nyumbani. Kapu la jirani akaanza kulijaza maembe ya nyuzi na yale ya Tommy Atkins yaliyodondoka na kupasuka. Baba alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza: "Mwanangu, kapu hilo ungeletewa wewe, ungelipokea kwa uso gani?" Mdogo wangu hakujibu. Aliyamwaga yote, akaanza upya.

Ndugu zangu, mtihani ulikuwa hapo. Saa moja kabla, kijana huyu hakuwa na hoja dhidi yake. Angeweza kusema kwamba embe ni embe. Lakini alikuwa ameonja sahani zote nne, na ulimi wake ulikuwa umeshatoa hukumu. Asiyejua tofauti anapotoa kilicho duni, huenda ana udhuru. Mwenye kujua hana.

Aya ya 267 ya Suratul-Baqara inazungumza na mtu huyu hasa. Allah anawaamrisha waumini watoe katika vizuri walivyovichuma na katika vile alivyowatolea ardhini, na anawakataza kukusudia kilicho kibaya wakitoe, hali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Al-Baraa bin Azib (R.A.) ameeleza, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ni nini kilitokea. Ansari wenye mitende walikuwa wakileta mashada ya tende na kuyatundika msikitini. Masahaba mafukara waliokuwa wakiishi hapo, Ahlus-Suffa, mmoja wao akishikwa na njaa alilipiga shada kwa fimbo, zikadondoka tende akala. Baadhi ya watu wakawa wanaleta mashada ya tende zilizosinyaa, na mengine yaliyovunjika. Ndipo ikateremka aya hiyo.

Tazameni udogo wa kosa. Hakuna aliyeiba wala aliyekataa kutoa. Walitoa, tena msikitini. Kosa lilikuwa kwenye uchaguzi, pale mkono ulipopita shada zuri ukashika bovu. Na kwa hilo wahyi uliteremka. Mkitaka kuona ni wapi tabia hiyo inaishia ikiachwa, someni kisa cha wenye shamba katika Suratul-Qalam, walioapa kwamba watavuna asubuhi, wakaenda wakinong'onezana ili maskini asiingie, wakafika na kukuta shamba limeteketea. Na mkitaka kuona kinyume chake, mkumbukeni Abu Talha (R.A.). Iliposhuka aya ya 92 ya Aali Imran, inayotufundisha kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda, yeye alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akatoa bustani yake ya Bairuha, mali aliyoipenda kuliko zote, iliyoelekeana na msikiti na yenye maji matamu. Mtume (S.A.W.) akamshauri awape jamaa zake.

Mzee wa nyumba ya pili alilipokea kapu, akashika embe la Kent akaligeuza. "Haya si ya mwembe ule," alisema. Mdogo wangu akamjibu: "Ni ya mwembe ule ule, mzee." Akakaa kimya muda mrefu. Sitawadanganya kwamba maembe yalisawazisha mpaka. Bado ziko mita mbili tunazobishania, na karatasi zake ziko ofisini. Lakini salamu zilirudi, na baada ya siku chache mzee yule alikuja mwenyewe kuuliza kama naye anaweza kupata vikonyo kwa ajili ya mwembe wake mchanga.

Utamu usiogawiwa hufa na mti wake

Tulimpa. Na hapo kuna jambo ambalo kila mbebeshaji analijua. Kokwa la embe kama Kent, ukilipanda, halikuhakikishii Kent. Huenda likazaa zuri, huenda likazaa la nyuzi. Ladha ile ile huvuka kwenda mti mwingine kwa kukatwa tawi tu.

Mfano ni parachichi la Hass, ambalo sasa linapandwa hata katika milima yetu na ya jirani zetu. Mwaka 1926 mtu mmoja huko California, Rudolph Hass, aliyekuwa mpeleka barua, alipanda mbegu za parachichi kwenye kishamba chake. Mti mmoja ulimsumbua, na inasimuliwa kwamba nusura aukate, ila watoto wake walipenda ladha ya matunda yake. Mti huo wa kwanza ulikufa mwaka 2002. Lakini kila Hass duniani leo, kutoka Mexico hadi Kenya, linatokana na vikonyo vilivyoanzia kwenye mti ule mmoja. Kama mwenyewe angeuzungushia ukuta na kukataa kukata hata tawi moja, ladha ile ingezikwa pamoja nao.

Ndivyo zilivyo neema nyingi. Elimu yako ya hesabu, sauti yako nzuri ya kusoma Qur'ani, ujuzi wako wa kompyuta: ni vikonyo. Mti unaokatwa vikonyo kwa ustadi haupungui, huchipua zaidi. Na ukimfundisha mwenzako wa mwaka wa kwanza, mfundishe kile unachokijua vizuri kabisa. Usimpe makombo ya daftari lako.

Tufanye nini?

Wengi wenu mtasema: sisi tumepanga chumba, bustani tutaitoa wapi? Nina mambo matatu.

Mosi, panda hata kimoja. Mpapai huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na mche wa embe uliobebeshwa huanza baada ya miaka mitatu au minne. Panda nyumbani kwa wazazi, uani kwa shangazi, au kando ya msikiti kwa idhini ya wenyewe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande.

Pili, jueni hukumu ya mnachovuna. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu zaka ya matunda kama embe. Kwa madhhab ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tunaifuata, zaka ya matunda ni katika tende na zabibu, na Imam Abu Hanifa aliona ni katika mazao kwa upana zaidi. Lakini kutodaiwa zaka si ruhusa ya kufunga mlango. Sadaka ipo, na jirani yupo.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kila unapotaka kutoa, onja kwanza. Ramadhani inakuja, na jumuiya yetu itapitisha makapu ya futari, nguo na vitabu kwa ajili ya wasiojiweza. Kabla hujafunga mfuko wako, jiulize ungeupokea kwa uso gani. Shati lisilo na vifungo, kitabu kilichochanika kurasa, ndizi zilizogeuka nyeusi, unajua wazi ni nini. Ikiwa huna ila hicho, toa, Allah anaijua hali yako. Ikiwa unacho kizuri pembeni na mkono unakikwepa, urudishe mkono. Na ikiwa anayepokea ni mtu aliyewahi kukuudhi, au ambaye nyumba yenu na nyumba yao zina historia, hapo ndipo lililo tamu linapofanya kazi yake.

Ewe Mola wetu, tubarikie matunda yetu, miji yetu na vipimo vyetu. Tujaalie macho yanayoona ishara zako na ndimi zinazokushukuru kwa kila ladha. Tupe mikono isiyokwepa kilicho chema wakati wa kutoa. Wasamehe waliopanda na hawakuwahi kula, na uwaandikie kila tunda lililoliwa baada yao. Patanisha nyoyo za majirani, na kila haki uifikishe kwa mwenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.